Moyo wa Padri wa Oklahoma Uliobaki Guatemala



Tembelea parokia za Kikatoliki hapa nchini, hasa za vijijini, utakutana na jambo ambalo waumini wamelizoea kiasi kwamba hawaliulizi tena. Mabati ya kanisa yametoka kwa "marafiki zetu wa Ujerumani". Kisima kimechimbwa na "ndugu zetu wa Italia". Mashine ya kusaga, pikipiki ya paroko, ada za watoto yatima, vyote vina jina la mji fulani wa ng'ambo ambao ni wachache kijijini wanaoweza kuuonyesha kwenye ramani. Kila baada ya mwaka au miaka miwili wageni wanakuja. Kwaya inaimba, akina mama wanawafunga vitenge, picha zinapigwa, miti inapandwa, wageni wanaondoka.

Uhusiano huo wengine wanauita parokia rafiki, wengine parokia dada. Wapo wanaousifu kuwa ni undugu wa kweli. Wapo pia, hasa vijana wenzangu tuliopita vyuo vikuu, wanaoucheka na kusema ni ombaomba iliyobarikiwa. Nadhani pande zote mbili zinahukumu haraka. Kabla ya kusifu au kucheka, ni vizuri tujue jambo hili lilianzia wapi, na lilipopata mtihani wa kweli lilifanyaje.

Mtihani ninaotaka kuusimulia leo haukutokea Tanzania. Ulitokea kati ya Wakatoliki wa Oklahoma, Marekani, na mji mdogo wa Wamaya ulio kando ya ziwa huko Guatemala. Lakini tuanze mbali kidogo.

SENTI MOJA KWA WIKI

Kuchangia kanisa la mbali si uvumbuzi wa Wazungu wa juzi. Mtume Paulo mwenyewe, katika karne ya kwanza, alizunguka na kapu. Aliwahimiza Wakristo wa Korintho wachange kwa ajili ya wenzao wa Yerusalemu waliokuwa na shida, na akawatolea mfano Wakristo wa Makedonia, ambao walitoa ingawa wao wenyewe walikuwa maskini. Yaani tangu mwanzo hoja haikuwa tajiri kumhurumia maskini. Hoja ilikuwa kwamba aliyenacho leo anaweza kukikosa kesho.

Mfumo wa kisasa ulizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1822. Msichana mmoja, Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri, aliwapanga wafanyakazi wa viwandani katika makundi ya watu kumi kumi. Kila mtu alitoa senti moja kwa wiki. Kiongozi wa kumi alipeleka kwa kiongozi wa mia, wa mia kwa kiongozi wa elfu. Sisi tuliokulia kwenye nchi ya balozi wa nyumba kumi tunaelewa haraka sana jinsi mfumo wa namna hiyo unavyoweza kufika kila mlango. Chama kilichotokana na makundi yale kiliitwa Chama cha Uenezaji wa Imani, na kikaja kuwa mfereji mkubwa wa fedha za misioni duniani. Jaricot mwenyewe alifariki mwaka 1862 akiwa maskini na mwenye madeni. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2022, miaka 200 baada ya chama kuanza.

Sasa hebu kisia fedha za kwanza za Lyon zilikwenda wapi. Sehemu ilikwenda Asia. Sehemu nyingine ilikwenda Louisiana na Kentucky. Naam, Marekani! Nchi hiyo ambayo leo tunaijua kwa kutoa, ilikuwa inapokea. Waaustria walianzisha chama chao mwaka 1829 kwa ajili ya kusaidia Kanisa la Marekani, na Wabavaria wakaanzisha cha kwao mwaka 1838. Roma iliendelea kuihesabu Marekani kama nchi ya misioni mpaka mwaka 1908. Tukumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Fedha za aina hiyo zilifika kwetu pia. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliotangulia kuweka kituo Zanzibar, walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kijiji chao cha watumwa waliokombolewa kiliendeshwa kwa michango ya Ulaya, ikiwemo ya watoto wa Utoto Mtakatifu, chama kilichoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa. Mwaka 1890 Papa Leo XIII aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, makanisa ya Kikatoliki yakusanye sadaka ya kupambana na utumwa katika Afrika. Fikiria mkulima wa Ufaransa au Ubelgiji akitumbukiza sarafu kwenye kapu kwa ajili ya mtu wa Tabora au Ujiji ambaye hatamwona maisha yake yote.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro ya mfumo ule. Aliyetoa hakumjua aliyepokea. Alijua picha tu: mtoto mweusi mwenye macho ya huruma kwenye jarida la misioni. Na mpokeaji hakumjua mtoaji. Katikati yao alisimama mmisionari, ndiye aliyeandika barua, ndiye aliyeamua.

PAPA AANDIKA KUHUSU AFRIKA

Mabadiliko yalikuja tarehe 21 Aprili 1957. Papa Pius XII alitoa waraka uitwao Fidei Donum, maana yake zawadi ya imani, na aliuandika akiitazama hasa Afrika. Ghana ilikuwa imepata uhuru mwezi uliotangulia. Papa aliona bara linabadilika haraka na mapadri ni wachache. Aliwaambia maaskofu kwamba misioni si kazi ya mashirika ya kimisionari peke yake. Kila askofu ana deni kwa Kanisa zima. Akawaomba waazime mapadri wao wa jimbo kwenda kufanya kazi ng'ambo kwa miaka kadhaa kisha warudi nyumbani.

Neno "kuazima" ndilo lililobadilisha mambo. Padri wa shirika la kimisionari akiondoka, anaondoka na shirika lake. Padri wa jimbo akiondoka, anaacha nyuma parokia inayomfahamu, mama yake, wadogo zake, watu aliowabatizia watoto. Barua zake zinasomwa kanisani. Ghafla nchi ya mbali inakuwa na sura ya mtu tunayemjua.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalitilia nguvu jambo hilo. Hati yake kuhusu misioni, iliyopitishwa Desemba 1965, inazishauri parokia kuwa na uhusiano wa moja kwa moja na parokia au jimbo fulani la misioni, ili umoja wao uonekane kwa macho. Hapo ndipo parokia dada zilipopata mizizi yake rasmi.

Kwa upande wa Amerika ya Kusini na ya Kati, wito ulitolewa Agosti 1961. Mjumbe wa Vatikano, Agostino Casaroli, aliwahutubia watawa wa Marekani pale Chuo Kikuu cha Notre Dame. Kwa niaba ya Papa Yohane XXIII aliwaomba watoe asilimia 10 ya watu wao kwenda huko. Lengo hilo halikufikiwa kamwe. Lakini maelfu walikwenda, na baadhi ya majimbo yakajichagulia mahali pa kusaidia. Jimbo la Oklahoma lilichagua Santiago Atitlán.

WATU WA OKLAHOMA NA WATU WA ZIWA

Oklahoma si New York wala Boston. Ni nchi ya ngano, ng'ombe na mafuta, na Wakatoliki humo ni wachache katikati ya bahari ya Waprotestanti. Kanisa lao lenyewe liliwekewa msingi na wamonaki Wabenediktini kutoka Ufaransa, waliofika huko mwaka 1875 wakati eneo hilo likiitwa Nchi ya Wahindi Wekundu. Kwa hiyo mwaka 1964, waumini wa Oklahoma walipoanza kulisaidia kanisa la mbali, wapo wazee kati yao waliozaliwa wakati wao wenyewe wanahesabiwa misioni. Ndiyo maana nilisema tukumbuke.

Santiago Atitlán ni mji wa Watz'utujil, mojawapo ya makabila ya Wamaya, kando ya Ziwa Atitlán, chini ya milima ya volkano. Kanisa lao kubwa lilijengwa na Wafransisko katika karne ya 16. Jengo lilikuwepo, watu walikuwepo, imani ilikuwepo iliyochanganyika na mila za Kimaya, lakini kwa miaka mingi sana hapakuwa na padri anayekaa pale. Watu walikuwa wakulima wadogo na vibarua kwenye mashamba ya kahawa na pamba ya wengine. Watoto wengi walikufa kwa magonjwa yanayotibika.

Timu ya kwanza ya Oklahoma iliongozwa na Padri Ramón Carlín. Haikuwa timu ya mapadri tu. Walikuwepo masista na walei, wakiwemo wauguzi. Walianzisha hospitali ndogo, chama cha akiba na mikopo, ushirika wa wafumaji, shamba la ushirika na redio iliyoitwa La Voz de Atitlán, yaani Sauti ya Atitlán, iliyofundisha watu wazima kusoma. Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote ni kwamba Carlín na wenzake waliishughulikia lugha ya Kitz'utujil ili iandikwe. Lugha ambayo serikali na matajiri wa Guatemala waliiona ya washamba, ikawa lugha ya kuandikia na kutangazia.

Mwaka 1968 aliwasili padri kijana aitwaye Stanley Rother. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1935 katika familia ya wakulima, kijiji cha Okarche. Seminarini alikuwa mtu wa kufeli. Kilatini kilimshinda, akarudishwa nyumbani. Askofu wake, Victor Reed, akampa nafasi ya pili kwenye seminari nyingine, na alipata upadri mwaka 1963. Mtu aliyeshindwa Kilatini akaenda Guatemala, akajifunza Kihispania, kisha akajifunza Kitz'utujil mpaka akakihubiria. Alisimamia pia kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo.

Sisi Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rother hakusubiri kupewa. Alikuwa mkulima, aliendesha trekta kwenye shamba la ushirika, alitengeneza magari, alikula kwenye nyumba za watu. Wenyewe walimwita Padre Apla's, ambalo ni jina la Fransisko kwa lugha yao, jina lake la pili. Wenzake wa Oklahoma walirudi nyumbani mmoja baada ya mwingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 yeye ndiye aliyebaki kuongoza.

HOJA ZA WAKOSOAJI

Tusije tukadhani kila mtu alikuwa anapiga makofi. Januari 1967, padri na msomi aitwaye Ivan Illich, aliyekuwa na kituo cha kufundishia wamisionari huko Cuernavaca, Mexico, alichapisha makala kali katika jarida la Kikatoliki la Marekani, America. Hoja yake ilikuwa kwamba watu na dola za Marekani vinalijenga Kanisa la Amerika ya Kusini liwe tegemezi. Majengo yanakuwa makubwa kuliko uwezo wa wenyeji kuyaendesha. Mapadri wa kigeni wanakuwa, watake wasitake, mabalozi wa mfumo wa maisha wa kwao. Na misaada inatuliza hasira ambayo pengine ingeleta mabadiliko. Mwaka uliofuata akawaambia vijana wa kujitolea wa Kimarekani, bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba wangefanya vizuri kubaki kwao.

Angalia tarehe, ndugu msomaji. Januari 1967 Illich anaandika. Tarehe 5 Februari mwaka huohuo TANU inatangaza Azimio la Arusha, linalosema fedha siyo msingi wa maendeleo na kutegemea misaada ya nje ni kuhatarisha uhuru. Watu wawili waliokuwa mbali sana, Illich na Mwalimu Nyerere, wote Wakatoliki, walikuwa wanakuna kichwa juu ya tatizo lile lile.

Oktoba 1970 Mwalimu alikwenda New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, shirika ambalo lilikuwa likifanya kazi mkoani Mara na kwingineko nchini. Aliwaeleza kwamba umaskini una mizizi katika mifumo iliyojengwa na binadamu, na Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo hiyo litakuwa halina maana tena kwa mwanadamu. Zahanati na shule ni nzuri, lakini hazitoshi. Hapa Afrika Mashariki mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri nchini Kenya alikwenda mbele zaidi. Alitaka wamisionari na fedha za nje visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wazo hilo. Halikutekelezwa.

Hoja hizi zina uzito. Na kwa kesi ya Guatemala zina uzito maradufu, kwa sababu Marekani ndiyo iliyosaidia kuipindua serikali ya Jacobo Árbenz mwaka 1954, serikali iliyojaribu kugawa ardhi kwa wasio nayo, ikiwemo ardhi ya kampuni ya ndizi ya Kimarekani, United Fruit. Kwa hiyo waumini wa Oklahoma walikuwa wanatibu kwa mkono mmoja jeraha ambalo serikali yao ilikuwa imesaidia kulichimba kwa mkono mwingine. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilianza mwaka 1960 na ikaendelea kwa miaka 36.

JESHI LINAINGIA MJINI

Kwa miaka mingi vita hiyo ilipita mbali na Santiago Atitlán. Oktoba 1980 jeshi likaja kupiga kambi. Machoni mwa wanajeshi, mkulima anayejua kusoma ni hatari. Ushirika ni ukomunisti. Redio kwa lugha ya wenyeji ni uasi. Yaani vitu vyote vile vilivyoletwa na undugu wa parokia, sasa viligeuka kuwa ushahidi wa kosa. Mwezi huohuo mkurugenzi wa redio alitekwa na hakurudi. Redio ikanyamaza. Makatekista wakaanza kutoweka mmoja mmoja. Watu wakawa wanalala ndani ya kanisa usiku kwa hofu ya kuchukuliwa majumbani.

Mapema Januari 1981 katekista aitwaye Diego Quic alivamiwa mlangoni kabisa mwa nyumba ya mapadri. Alikuwa anakuja kujihifadhi. Rother alisikia akiomba msaada, akashindwa kumwokoa, akaona gari likimchukua.

Hapa ndipo undugu wowote unapopimwa, na hapa ndipo tofauti isiyopendeza inapoonekana. Rother alikuwa na pasipoti ya Kimarekani. Diego Quic hakuwa nayo. Mgeni ana tiketi ya kurudi, mwenyeji ana mlima na ziwa. Tofauti hiyo haifutwi na vitenge wala na ngoma za kumpokea mgeni.

Mwishoni mwa Januari 1981 Rother aliambiwa jina lake liko kwenye orodha ya watu wa kuuawa. Akaondoka, akarudi Oklahoma. Alikuwa nyumbani kwao, salama, na angeweza kupewa parokia yoyote akaishi mpaka uzee. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alishaandika katika barua yake ya Krismasi ya 1980 kwa watu wa kwao kwamba mchungaji hapaswi kukimbia dalili ya kwanza ya hatari. Aprili akaomba ruhusa ya kurudi, akafika kwa ajili ya Juma Kuu.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1981, siku tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, msimamizi wa mji ule, wanaume watatu waliingia nyumbani kwa padri. Walitaka kumchukua, pengine wamtese kama walivyofanya kwa wengine. Alikataa kutoka. Alipigana nao chumbani bila kupiga kelele za kuita msaada, kwa sababu aliyekuja kusaidia angekufa naye. Alipigwa risasi mbili kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 46.

MWILI UENDE, MOYO UBAKI

Familia ilitaka mwili ukazikwe Okarche. Watz'utujil wakaomba kitu kimoja: moyo wake ubaki. Familia ikakubali. Mwili ukasafirishwa Oklahoma, moyo ukawekwa ndani ya kanisa la Santiago Atitlán, na mpaka leo uko pale.

Kwa Mwafrika ombi hilo halishangazi sana. Sisi tunajua maana ya kugombea mahali pa kumzika mtu. Unayemzika kwako ni wako. Watu wale walikuwa wanasema huyu si mfadhili tena, ni ndugu, na ndugu ana sehemu yake katika ardhi ya ukoo.

Na Oklahoma haikukata uhusiano baada ya kifo. Hili watu wengi hawalijui. Mwaka 1984 padri mwingine wa Oklahoma alikubali kwenda kukaa kwenye nyumba ileile, na ushirikiano ukaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, parokia ilipokabidhiwa kikamilifu kwa jimbo la wenyewe. Hivyo ndivyo kuazima kulivyokusudiwa kuwa tangu mwanzo.

Katikati ya kipindi hicho wenyeji walifanya jambo ambalo hakuna mgeni aliyewafanyia. Desemba 2, 1990, baada ya manyanyaso mengi, maelfu ya watu wa Santiago Atitlán waliandamana usiku mpaka kwenye kambi ya jeshi wakiwa na vitambaa vyeupe. Wanajeshi wakawafyatulia risasi, na zaidi ya watu kumi wakafa, wakiwemo watoto. Lakini mji haukunyamaza. Zilikusanywa saini na dole gumba za maelfu ya watu, dunia ikasikia, na kabla mwezi haujaisha serikali iliondoa jeshi mjini. Ulikuwa ushindi wa nadra sana kwa Wamaya katika vita ile.

Mikataba ya amani ilitiwa saini Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti mwaka 1999: zaidi ya watu 200,000 walikufa au kupotea, asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya, na asilimia 93 ya maovu yalifanywa na vyombo vya dola na makundi yake. Mwezi uliofuata Rais Bill Clinton alikwenda Guatemala na kukiri kwamba Marekani ilikosea kuyaunga mkono majeshi hayo.

Kanisa lilimtangaza Stanley Rother Mwenye Heri tarehe 23 Septemba 2017 mjini Oklahoma City. Ni shahidi wa kwanza mzaliwa wa Marekani kutambuliwa na Kanisa. Februari 2023 lilifunguliwa huko kanisa kubwa la kumbukumbu yake, lenye viti 2,000, na mwili wake umehamishiwa humo.

MIZANI

Sasa tupime. Je, wakosoaji walikuwa wamekosea?

Kwa sehemu walikuwa sahihi. Ile hospitali ndogo ilifungwa baada ya matukio ya 1990. Ilifufuliwa mwaka 2005, na Oktoba mwaka huohuo maporomoko ya udongo ya kimbunga Stan, yaliyoua mamia ya watu pale Panabaj, yakaiharibu. Ikajengwa tena. Jengo lililoanzishwa kwa nguvu za nje lilihitaji nguvu za nje kila lilipoanguka. Illich angetingisha kichwa. Na kuhusu majina pia ana haki ya kulalamika. Dunia inamjua Rother. Makatekista waliouawa, ambao ni wengi na hawakuwa na nchi ya kukimbilia, nje ya mji wao wanajulikana na wachache. Hata kwenye kifo cha kishahidi, pasipoti ina uzito.

Lakini kuna vitu ambavyo havikuanguka na kimbunga. Lugha iliyoandikwa. Watu waliojifunza kusoma kupitia redio, na redio yenyewe ambayo baadaye ilirudi hewani. Uzoefu wa ushirika na wa kukutana kujadili mambo yao. Sitasema Oklahoma ndiyo iliyowafundisha Watz'utujil ujasiri, hiyo itakuwa dharau, maana watu hao walikuwepo kabla ya Wahispania. Lakini miaka ya kukaa pamoja kama parokia hai haikuwa bure pale watu walipohitaji kusimama pamoja usiku ule wa Desemba.

Kwa mtazamo wangu, fundisho liko hapo. Kilichodumu zaidi ni kile ambacho wenyeji wenyewe waliweza kukishika bila kuomba kipuri kutoka ng'ambo. Na kilichogeuza wafadhili kuwa ndugu hakikuwa kiasi cha dola. Ilikuwa ni mtu kujifunza lugha, kushika jembe, na kurudi wakati ambapo busara ya kawaida ilisema asirudi.

Tanzania ya leo haimo kwenye vita, namshukuru Mungu. Na mambo yanageuka. Papa Paulo VI alipokuja Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari wa nafsi zao. Mwaka mmoja kabla, huko Moroto, Uganda, lilikuwa limeanzishwa shirika la Mitume wa Yesu, shirika la kimisionari la Waafrika. Leo mapadri wa Kitanzania wanahudumu katika parokia za Ulaya na Marekani ambako waseminari wamekwisha. Wajukuu wa Bagamoyo wanakwenda kubatiza wajukuu wa Lyon. Nani ni parokia mama na nani ni parokia mtoto hapo? Paulo angecheka, maana alishasema kapu linazunguka.

Kwa hiyo safari nyingine wageni wakija na kwaya ikaimba, halmashauri ya parokia ijiulize mambo matatu. Je, kuna hata mmoja wao anayejua salamu zetu zaidi ya "jambo"? Je, kitu walicholeta fundi wa hapa anaweza kukitengeneza kikiharibika? Na je, sisi tumewahi kuwachangia wao chochote, hata sala, hata barua ya rambirambi walipofiwa?

Kama majibu yote ni hapana, basi tuna mfadhili, na tuseme hivyo bila aibu. Ndugu ni neno zito. Kule Santiago Atitlán lililipiwa kwa damu ya Padri Rother, na kabla yake kwa damu ya Diego Quic na wenzake.